KUTOKA KINASA HADI DISKI: UHAMISHAJI WA VIPINDI VYA RUNINGA NA UHIFADHI WA FASIHI

Utangulizi

Suala la uhifadhi wa fasihi simulizi si geni kwa mwalimu wala kwa mtahiniwa wa KCSE. Aghalabu mtahiniwa hutakiwa aeleze njia za kuhifadhi fasihi simulizi, au ajadili ubora na udhaifu wa njia mojawapo. Wengi hujibu kwa kuorodhesha: akilini, maandishi, kanda za sauti, kanda za video, diski na tarakilishi. Orodha hiyo haina kosa. Kasoro yake ni kwamba mtahiniwa huitaja diski kana kwamba utendaji huingia humo wenyewe, kama maji yaingiavyo mtungini. Sivyo. Kuna mtu anayenasa, anayechagua, anayekata, anayehamisha na anayeandika lebo, na katika kila hatua kuna kinachobaki na kinachopotea.

Makala haya yananuia kueleza safari hiyo kwa mfano ulio karibu na walimu wengi, yaani kukihamisha kipindi cha runinga kutoka katika kinasa dijitali hadi kwenye diski. Hoja yetu ni kwamba kinasa si hifadhi bali ni kituo cha njiani. Kipindi kilichomo humo hakijahifadhiwa mpaka kihamishwe, kiwe na nakala zaidi ya moja, na kiambatane na maelezo yake. Tutaanza kwa kueleza kwa nini kinasa hakitoshi, kisha tutafafanua hatua za uhamishaji. Baadaye tutahakiki kinachopotea njiani, na mwisho tutazungumzia matumizi ya diski darasani na mtihanini.

Kwa nini kinasa si hifadhi

Kwa kinasa dijitali tunamaanisha chombo chochote kinachopokea matangazo ya runinga na kuyaweka katika kumbukumbu yake ili yatazamwe baadaye. Kuna aina tatu ambazo mwalimu anaweza kukutana nazo. Ya kwanza ni king'amuzi chenye tundu la kuchomekea flashi diski. Aina hii ilienea nchini baada ya mitambo ya analojia kuanza kuzimwa mwishoni mwa mwaka 2014. Ya pili ni king'amuzi cha kulipia chenye diski kuu ndani yake. Ya tatu ni mashine ya DVD yenye diski kuu na trei ya kuingizia diski, ambayo ilipendwa sana miaka ya 2000 na ambayo bado imo katika makabati ya baadhi ya shule.

Vinasa hivi vyote vina udhaifu mmoja. Viliundwa ili mtu atazame kipindi alichokikosa kisha akifute, si ili kipindi kikae miaka ishirini. Nafasi ikijaa, baadhi yake hufuta vipindi vya zamani bila kumwuliza mwenyewe. Vingine huifungia faili kwa msimbo unaojulikana na chombo kile kimoja pekee. Chombo kikiharibika, faili hubaki pale pale lakini haifunguki.

Tulijifunza jambo hili kwa gharama hapa Mahoo, Taveta. Kulirushwa kipindi cha utamaduni ambamo mzee mmoja wa huku kwetu alitamba ngano, kisha akaongoza wimbo wa kulima huku wanawake wawili wakimwitikia. Tulikinasa kwa king'amuzi cha shule kwenye flashi diski, tukakitumia mara mbili darasani kufundishia wawe, tukaiweka flashi diski ndani ya droo. Tuliamini kazi imekwisha. Miezi kadhaa baadaye umeme ulikatika na kurejea kwa kishindo, king'amuzi kikaungua. Tulinunua kingine cha aina ile ile. Kilikataa kuifungua faili. Tarakilishi nayo ilikataa.

Mwaka uliofuata mzee yule aliaga dunia. Mjukuu wake, aliyekuwa mwanafunzi wetu wa Kidato cha Tatu, alikuja afisini kuomba nakala ili aila imsikie babu yao siku ya kumbukumbu. Flashi diski ilikuwa mkononi, jina la faili linasomeka, tarehe inasomeka, na ukubwa wake umeandikwa pale. Tukamwambia hatuwezi. Tulipouliza kituoni, tuliambiwa nakala ya kipindi hicho haikupatikana.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kinasa huoza, tena huoza ikiwa kamili machoni pa mwenyewe. Isitoshe, si vyema kudhani kwamba kituo cha utangazaji lazima kina nakala. Hata mashirika makubwa yamepoteza kazi zao. BBC ya Uingereza ilifuta kanda nyingi za miaka ya 1960 na 1970 ili izitumie tena, kwa sababu kanda zilikuwa ghali na hakuna aliyedhani watu wangezihitaji. Vipindi kadhaa vya mfululizo wa Doctor Who vilipotea kwa njia hiyo. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba baadhi yake vimepatikana nchini Nigeria, vilikokuwa vimepelekwa kuonyeshwa. Vile ambavyo picha zake hazijapatikana, sauti zake zipo, kwa sababu watazamaji wa kawaida walizinasa nyumbani mwao. Mnasaji wa nyumbani aliokoa kile ambacho mwenye mali alikifuta.

Kenya nayo ina utajiri unaostahili kuangaliwa kwa jicho hilo. Runinga ilianza kurusha matangazo hapa nchini mwaka 1962. Shirika la utangazaji likaitwa Sauti ya Kenya kuanzia mwaka 1964, na jina la KBC likarejeshwa mwaka 1989. Katika miongo hiyo, michezo kama Vitimbi na Vioja Mahakamani iliwafikisha mamilioni ya Wakenya kwenye ucheshi, tashtiti na uchanganyaji wa ndimi kwa Kiswahili, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga ukumbi wa maonyesho. Benson Wanjau, aliyejulikana zaidi kama Mzee Ojwang', alifariki mwaka 2015. Waigizaji wa kizazi chake wakiondoka, kinachobaki cha utendaji wao ni kile kilichonaswa kikahifadhiwa.

Hatua za uhamishaji

Hatua ya kwanza ni kuitambua faili. Chomoa flashi diski kutoka kwenye king'amuzi, ichomeke kwenye tarakilishi na ujaribu kuifungua faili kwa programu ya VLC, ambayo hupatikana bila malipo. Ikicheza, una bahati, kwa maana faili haikufungwa. Inakili mara moja kwenye tarakilishi kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Usishangae ukikuta kipindi kimoja kimekatwa katika faili mbili au tatu. Flashi diski nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kuzidi gigabaiti 4. Kwa hiyo king'amuzi huanza faili nyingine pale ya kwanza inapojaa. Zihamishe zote na uzipange kwa mfuatano wake, la sivyo ngano itakosa kimalizio.

Faili isipocheza kwenye tarakilishi ilhali inacheza kwenye king'amuzi, yamkini imefungwa kwa msimbo. Hapa mwalimu asitafute programu za kuvunja kufuli. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakataza kuzikwepa kinga za kiteknolojia zilizowekwa kulinda kazi. Njia ya haki ni kukiandikia kituo mapema, wakati kipindi kingali kipya, na kuomba nakala au ruhusa. Ruhusa ikipatikana, king'amuzi kinaweza kuunganishwa na mashine ya DVD kwa ule waya wenye vichwa vitatu, yaani cha manjano kwa picha, na chekundu na cheupe kwa sauti. Kipindi huchezwa upande mmoja huku kikinaswa upande wa pili. Njia hii haina mkato, kwani kipindi cha saa moja huhamishwa kwa saa moja, na ubora wa picha hushuka kidogo.

Kwa wenye mashine ya DVD iliyo na diski kuu ndani, kazi ni nyepesi zaidi. Mashine yenyewe ina orodha ya vipindi ilivyonasa, nawe huchagua kipindi na kuiagiza ikinakili kwenye diski iliyo katika trei. Baadhi ya mashine hunakili haraka ikiwa ubora wa picha haubadilishwi, na hunakili kwa mwendo wa kawaida wa kipindi ikiwa ubora unapunguzwa ili nafasi itoshe.

Hatua ya pili ni kukata. Matangazo ya biashara yanaweza kuondolewa, na sehemu za mwanzo na mwisho zisizohusu kipindi pia. Hata hivyo, tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, usikate kabla ya kuiweka kando nakala ambayo haijaguswa. Pili, usiyakate majina yanayopita mwishoni mwa kipindi. Majina hayo ndiyo yanayomtambulisha fanani, mwandishi wa mchezo, mwelekezi na mwaka wa utayarishaji. Anayeyakata huigeuza kazi yenye mwenyewe kuwa kazi isiyo na mwenyewe, na mhakiki wa kesho hatakuwa na pa kuanzia.

Hatua ya tatu ni kuchagua aina ya diski utakayotengeneza. Kuna diski ya data na kuna diski ya DVD ya kutazamwa. Diski ya data hubeba faili jinsi ilivyo, bila kupunguza ubora, lakini huhitaji tarakilishi au mashine inayoielewa faili hiyo. Diski ya DVD ya kutazamwa hucheza katika mashine yoyote ya kawaida, hata ile ya zamani iliyo katika maktaba. Hata hivyo, video lazima igeuzwe kwanza iwe katika muundo unaokubaliwa na mashine hizo, yaani MPEG-2, yenye picha isiyozidi vitone 720 kwa 576 katika mfumo wa PAL tunaoutumia hapa. Matangazo ya dijitali nchini hurushwa kwa muundo wa MPEG-4, kwa hiyo ugeuzaji hauepukiki. Programu ya DVDStyler, ambayo pia haina malipo, huifanya kazi hiyo na kuunda ukurasa wa kuchagulia vipindi. Ushauri wetu ni kutengeneza aina zote mbili, ya data kwa hifadhi na ya kutazamwa kwa darasa.

Hapa kuna hesabu moja ambayo mwalimu hana budi kuielewa. Diski ya DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, ambazo tarakilishi nyingi huzionyesha kama 4.38 kwa sababu ya namna zinavyohesabu. Nafasi hiyo inatosha takribani saa mbili za video kwa ubora mzuri, yaani vipindi vinne vya nusu saa. Ukishindilia saa sita ndani ya diski moja, programu itakubali, lakini itapunguza habari za kila picha mpaka nyuso ziwe kama zimetazamwa kupitia kioo chenye ukungu. Kwa anayetazama kandanda huenda hilo lisimkere. Kwa mwalimu wa fasihi ni hasara kubwa, kwa kuwa ishara za uso ni sehemu ya matini. Fanani anapokunja kipaji huku maneno yake yakisifu, kinaya kimo usoni. Uso usiposomeka, kinaya hakipo.

Hatua ya nne ni kuichoma diski. Tumia kasi ya chini, kwa mfano mara nne au mara nane, badala ya kasi ya juu kabisa inayotolewa na programu. Diski za DVD-R na DVD+R huandikwa mara moja tu, na umeme ukikatika katikati ya kazi diski huharibika. Kwa hiyo ni heri kutumia tarakilishi ya mkononi yenye betri iliyojaa. Kazi ikimalizika, iamuru programu iihakiki diski, na uhakikishe kwamba diski imefungwa. Kufunga huku si kuitia kasani. Ni amri ya mwisho inayoiambia mashine kwamba hakuna kitakachoongezwa tena. Wanaotumia mashine za DVD za nyumbani husahau amri hii mara nyingi, na matokeo yake ni diski inayocheza kwenye mashine iliyoiandika tu. Mwalimu husafiri nayo hadi Voi kwa semina, akifika haichezi. Huko ni kurudi katika tatizo lile lile la kinasa.

Hatua ya tano ni kuilinda. Ishike diski kwa kingo zake. Andika kwa kalamu laini ya wino iliyotengenezwa kwa diski, si kwa kalamu ya kawaida yenye ncha ngumu, wala usibandike karatasi yenye gundi. Iweke wima ndani ya kasha, mbali na jua na joto. Taveta ni bonde lenye joto, na diski iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari au chini ya bati lisilo na dari haitadumu. Tengeneza nakala mbili na uziweke katika majengo mawili tofauti. Zijaribu angalau mara moja kwa mwaka.

Aidha, diski nayo si mwisho wa safari. Tarakilishi nyingi za mkononi zinazouzwa sasa hazina trei ya diski, na mashine za DVD zinapungua madukani. Atakayehifadhi leo kwenye diski ajue kwamba iko siku atalazimika kuhamisha tena kwenda kwenye chombo kingine. Babu zetu waliihifadhi ngano kwa kuihamisha kutoka kinywa hadi kinywa, na ngano ambayo haikuhamishwa ilikufa na mwenyewe. Kanuni hiyo haijabadilika.

Lebo na maelezo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Diski isiyo na maelezo ni sawa na ngano iliyoandikwa bila jina la mtambaji, mahali wala tarehe. Mwanafunzi anayekusanya data nyanjani hufundishwa kuandika maelezo hayo, na mwalimu anayehamisha kipindi afanye vivyo hivyo. Karatasi moja ndani ya kasha yatosha, ikiwa na mambo yafuatayo:

(a) Jina la kipindi na kituo kilichokirusha.
(b) Tarehe kiliporushwa na tarehe kilipohamishwa.
(c) Majina ya fanani au waigizaji, na lugha au lahaja iliyotumiwa.
(d) Utanzu na kipera, kwa mfano wimbo, wawe.
(e) Mahali na muktadha wa utendaji, ikiwa unajulikana.
(f) Urefu wa kipindi, na sehemu zilizokatwa pamoja na sababu ya kuzikata.
(g) Jina la aliyehamisha na ruhusa aliyopewa.

Kipengele cha (f) husahauliwa na wengi. Anayekata bila kusema amekata humfanya mhakiki aamini kwamba alichokiona ndicho chote kilichokuwapo.

Kinachopotea njiani

Tukubali kwamba diski hubeba mengi ambayo maandishi hayawezi kuyabeba. Huhifadhi kiimbo, toni, kasi, kimya, maleba, miondoko na ishara. Anayesoma wimbo wa wawe kitabuni haoni jembe likipanda na kushuka kwa mapigo ya wimbo. Anayeutazama kwenye diski huona kwamba mapigo hayo ndiyo yanayoupangia wimbo mizani yake.

Pamoja na hayo, yapo mambo manne ambayo diski hupoteza. La kwanza ni hadhira hai. Katika utendaji halisi, fanani huisoma hadhira yake. Ikichoka hufupisha, ikicheka hurudia, ikinyamaza huuliza swali. Mtazamaji wa diski anaweza kucheka apendavyo, lakini fanani hamsikii.

La pili ni uhuru wa jicho. Aliyehudhuria huchagua pa kutazama. Mtazamaji wa runinga huchaguliwa na mpiga picha. Chukua mfano wa ngoma ya Mwazindika ya Wadawida. Aliyepo uwanjani anaweza kumtazama mpiga ngoma, mchezaji, au bibi aliyekaa pembeni akitikisa kichwa. Kamera ikimng'ang'ania mchezaji, bibi yule hayupo kabisa, ilhali huenda ndiye aliyekuwa akiielewa ngoma kuliko wote. Kwa hiyo tunapokihakiki kipindi kilichonaswa, tunahakiki kazi ya watu wawili, fanani na mpiga picha.

La tatu ni unyumbufu. Fasihi simulizi hubadilika kulingana na wakati, mahali na hadhira. Diski huigandisha mara moja kati ya mara nyingi. Hatari yake ni kwamba wanafunzi huanza kuiona nakala ile kama ndiyo sahihi, na toleo la nyanya nyumbani kama ndilo lenye makosa. Mwalimu asisitize kwamba diski imehifadhi utendaji mmoja, haikuuhifadhi utanzu mzima.

La nne ni muktadha. Wimbo wa mazishi unaotazamwa saa nne asubuhi darasani, kati ya somo la Hisabati na mapumziko, umeng'olewa mahali pake. Haikatazwi kuutumia, bali inafaa wanafunzi waambiwe umetoka wapi.

Haki na adabu

Baadhi ya walimu hudhani kwamba neno “elimu” huhalalisha kila kitu. Sheria ya Hakimiliki huzipa shule nafasi ya kuzitumia kazi kwa mafundisho, lakini nafasi hiyo ina mipaka. Kutumia diski moja kufundishia darasani ni jambo moja. Kutengeneza nakala hamsini na kuwauzia watahiniwa ni jambo jingine, na huko ni kumwibia mwigizaji jasho lake. Ndivyo ilivyo pia kwa makundi ya waigizaji wanaozuru shule wakiigiza tamthilia teule. Usiwanase bila idhini yao. Penye shaka, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ndiyo ya kuulizwa.

Kuhusu sanaa za jadi, kuna pia sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na vielelezo vya utamaduni. Msingi wake unaeleweka hata bila kuisoma yote. Wimbo wa jamii una wenyewe, hata kama hauna mtunzi mmoja anayejulikana. Mwalimu anayehifadhi wimbo wa wazee airudishe nakala kwao. Tungefanya hivyo juma lile lile tuliponasa, mjukuu yule asingerudi nyumbani mikono mitupu.

Matumizi darasani

Tuchukue Vioja Mahakamani, mchezo ambao KBC imeurusha kwa miongo mingi. Mandhari yake ni mahakama, kwa hiyo unafaa sana kufundishia sajili ya mahakamani. Mwalimu aliye na kipindi kwenye diski anaweza kufuata utaratibu huu.

Kwanza, acheze dakika tatu bila sauti. Wanafunzi waandike wanachokiona, kama vile nani amekaa juu, nani amesimama, nani anainamisha kichwa. Pili, azirudie dakika zile zile kwa sauti tu, skrini ikiwa imefunikwa. Waandike istilahi za sheria, lugha ya heshima, mfumo wa maswali na majibu, na pale ambapo mhusika anachanganya ndimi. Tatu, acheze vyote pamoja, kisha awaulize ni wapi ishara ya mwili inapingana na neno lililotamkwa. Hapo ndipo kicheko hutoka. Nne, ajadili nao tofauti kati ya sajili halisi ya mahakamani na ile ya kuchekesha. Mchezo hukiuka urasmi wa mahakama makusudi, na mwanafunzi asiyeujua urasmi huo hataona kilichokiukwa.

Utaratibu huu hauwezekani wakati kipindi kinarushwa moja kwa moja, kwa kuwa runinga haisimami ili mwanafunzi aandike. Diski husimamishwa na kurudishwa nyuma, na uhakiki huanzia kwenye kurudia.

Hata hivyo, tahadhari ichukuliwe kuhusu tamthilia teule. Mtahiniwa aliyetazama onyesho bila kuisoma tamthilia huandika yaliyo kwenye skrini. Atataja kofia nyekundu ya mtawala ambayo mwandishi hakuitaja, au atasahau onyesho ambalo waigizaji walilikata ili wabane muda. Mtahini hutahini matini iliyochapishwa. Diski ije baada ya kitabu, kamwe isije mahali pake.

Kwa mtahiniwa

Tuseme umeulizwa: Jadili ubora na udhaifu wa kuhifadhi fasihi simulizi kwenye diski. Hoja moja iliyokamilika huwa na sehemu tatu, yaani dai, maelezo na mfano. Linganisha majibu haya mawili.

Jibu la kwanza: Diski huhifadhi vizuri.

Jibu la pili: Diski huhifadhi vipengele vya utendaji kama vile toni, ishara na maleba, ambavyo maandishi hayawezi kuvionyesha. Kwa mfano, katika wawe, mtazamaji huona jinsi mapigo ya jembe yanavyolandana na mapigo ya wimbo.

Jibu la kwanza halimwonyeshi mtahini chochote ambacho angeweza kukituza. Jibu la pili limejitosheleza. Kwa upande wa ubora, unaweza kuongeza kwamba diski hurudiwa mara nyingi, huwafikia wasiohudhuria na hurahisisha ulinganishaji wa matoleo. Kwa upande wa udhaifu, taja kupotea kwa mwingiliano wa fanani na hadhira, ugandishaji wa toleo moja, uteuzi wa mpiga picha, uharibifu wa chombo chenyewe, na haja ya umeme na mitambo. Usisahau kwamba udhaifu mwingine hutokana na mhifadhi, si na diski. Asipoandika maelezo, asipotengeneza nakala ya pili, au akiacha kazi ndani ya kinasa, hajahifadhi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba uhamishaji wa kipindi kutoka kinasa hadi diski ni kazi ya kifasihi sawa na ukusanyaji wa data nyanjani. Kila hatua ina uamuzi, na kila uamuzi huathiri kile atakachokihakiki mwanafunzi wa baadaye. Mwalimu mwenye kipindi chochote cha thamani ndani ya king'amuzi chake asingoje likizo. Flashi diski yetu bado imo drooni. Siku hizi tunaitumia kama kielelezo tunapoanza mada ya uhifadhi. Tunaichomeka, wanafunzi wanaliona jina la mzee, na tunawauliza: Je, ngano hii imehifadhiwa?

Maswali ya marudio

1. “Kinasa si hifadhi.” Jadili kauli hii ukirejelea uhifadhi wa fasihi simulizi.
2. Eleza mambo manne yanayopotea utendaji unapohamishiwa kwenye diski.
3. Linganisha diski na maandishi kama njia za kuhifadhi wimbo wa kazi.
4. Umenasa mahojiano ya runinga na mtambaji wa kijijini mwenu. Taja maelezo sita utakayoyaandika kwenye kasha la diski, na ueleze umuhimu wa kila mojawapo.
5. Tazama kipindi chochote cha mchezo wa mahakamani. Bainisha sifa tano za sajili zinazojitokeza na mbili zinazokiukwa kwa ajili ya ucheshi.